Shilingi 11,400 zimenizuia mkopo wa milioni 6

SWALI

Ndugu washauri, salamu kutoka Moshi.

Nauza maharage na mahindi soko la Mbuyuni, huu ni mwaka wa tisa. Kila msimu maharage mapya yakiingia sokoni bei hushuka, na mwenye fedha hununua magunia akayatunza mpaka bei ipande. Mimi huishia kununua machache kwa sababu mtaji wangu ni wa kuungaunga. Safari hii nikaenda benki kuomba milioni 6 za miezi 12. Nilipeleka leseni ya biashara, TIN, barua ya serikali ya mtaa na daftari la mauzo. Siku ya tatu afisa mikopo akanipigia kwamba ombi limekataliwa, jina langu linasoma vibaya kwenye mfumo wa taarifa za mikopo.

Nilirudi nikamwomba anieleze, akanitajia mambo matatu. Kwanza, mkopo wa milioni 2 niliochukua taasisi moja ya mikopo hapa mjini bado uko wazi: nadaiwa 11,400 na nimechelewa siku 412. Mkopo ule nilishaumaliza! Rejesho la mwisho nililipa kwa wakala na risiti ninayo. Pili, kuna mkopo wa simu wa 35,000 kwenye namba nisiyoitumia. Nimekumbuka ni laini niliyomsajilia mdogo wangu alipokuwa hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Tatu, nimeandikwa kwenye mkopo wa mwenzangu wa sokoni niliyemdhamini, naye ameyumba miezi miwili.

Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, sijawahi kuchelewesha rejesho hata moja. Je, hilo halihesabiwi? Na ni nani aliyewapa ruhusa ya kuweka mambo yangu humo? Kuna kijana karibu na stendi anasema ana mtu wake ndani ya mfumo; nikimpa 150,000 na nakala ya kitambulisho, jina litasafishwa kwa wiki moja. Mume wangu anasema tuweke kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, kama dhamana, lakini ni cha ukoo na hakina hati. Faida yangu kwa mwezi ni kama 700,000, na kikoba nakirejeshea 120,000 kila mwezi. Nifanyeje?

Mama wa Mbuyuni, Moshi

JIBU

Mama, pole kwa usumbufu. Kabla ya yote, yule kijana wa stendi usimpe hata senti, na nakala ya kitambulisho usimpe kabisa. Hakuna mtu ndani ya mfumo anayeweza kufuta deni la kweli. Taasisi ya taarifa za mikopo hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji na hairuhusiwi kuzibadilisha kwa hiari yake. Deni likiwa la uongo, kulisahihisha ni haki yako, wala halihitaji mtu wa pembeni. Na aliyeshika picha ya kitambulisho chako pamoja na namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20 anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Utalipa 150,000 uondokane na matatizo matatu, ujikute una manne.

Kuhusu ruhusa: kanuni za kanzidata ya taarifa za mikopo na za taasisi za taarifa za mikopo zilitungwa mwaka 2012 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania. Benki na taasisi za fedha hupeleka Benki Kuu taarifa za wakopaji wao, wazuri na wabaya. Kampuni zilizopewa leseni, zikiwemo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, huzichakata na kutoa ripoti kwa mkopeshaji anayeshughulikia ombi lako. Ukitazama fomu yako ya mkopo wa milioni 2, kwenye yale maandishi madogo karibu na sahihi, huenda ukakuta aya inayosema unakubali taarifa zako zipelekwe. Wengi hutia sahihi bila kuifikia.

Benki hufanya hivi kwa sababu ya kujilinda, na sababu yenyewe ina msingi. Mkopo usiolipwa zaidi ya siku 90 huwa chechefu, yaani huhesabiwa kuwa mbovu, na benki hulazimika kutenga sehemu ya faida yake kuufidia. Afisa mikopo akikutazama usoni hajui kama unadaiwa sehemu nyingine nne. Asipojua, hujilinda kwa njia mbili: kupandisha riba kwa wote, mlipaji mzuri amlipie mbaya, au kudai hati ya nyumba. Mfumo ukifanya kazi sawasawa, mama asiye na hati lakini mwenye rekodi safi ya kulipa hupata mlango. Ndiyo maana kosa moja dogo kwenye rekodi yako ni jambo kubwa. Umekosewa kwenye mali pekee ambayo benki ingeweza kuikubali.

Sasa tuje kwenye 11,400. Mfumo huhesabu siku za kuchelewa, na ukubwa wa deni ni jambo la pili. Aliyechelewesha 11,400 kwa siku 412 na aliyechelewesha milioni 11 kwa siku 412 wote husomeka kundi moja, la mkopo uliokufa. Binadamu angeona tofauti papo hapo. Kompyuta ya benki ikipangiwa kukataa kila aliyepita siku 90, humkataa kabla binadamu hajatazama.

Salio dogo la namna hii huzaliwa kwa njia zinazofanana kila mahali. Ulilipa rejesho la mwisho siku tatu nne baada ya tarehe, riba na faini za siku hizo zikabaki. Au wakala aliingiza fedha kwenye akaunti yako ya akiba badala ya akaunti ya mkopo. Akiba ikaongezeka, deni likabaki palepale. Au makato ya bima au ada ya mwisho hayakuwekwa kwenye ratiba uliyopewa. Au fedha zilifika zote ila mtu hakubonyeza kufunga mkopo. Risiti yako ya wakala inathibitisha kwamba ulilipa kiasi fulani siku fulani. Haithibitishi kwamba mkopo ulifungwa. Kwa hiyo usiende pale ofisini na risiti peke yake ukaanza kugombana.

Nenda ukaombe taarifa kamili ya akaunti ya mkopo, tangu siku ulipopewa hadi leo, iliyogongwa muhuri. Kaa nayo ukiwa na risiti zako zote, uweke alama kila malipo yanapoonekana. Malipo yasiyoonekana andika pembeni: tarehe, kiasi, namba ya muamala. Kama fedha zilikwenda kwenye akiba, utaziona kwenye taarifa ya akaunti ya akiba, nayo iombe siku hiyohiyo.

Ikithibitika kosa ni lao, andika barua fupi, ukurasa mmoja. Taja namba ya mkopo, kosa ni nini, ushahidi ulioambatisha, na unachotaka: mkopo ufungwe kwa tarehe ya kweli uliyomaliza, siku za kuchelewa zifutwe, na taarifa sahihi ipelekwe kwenye mfumo. Hayo ya tarehe na siku yasisitize. Wakiufunga kwa tarehe ya leo tu, ripoti itaonyesha umelipa baada ya kuchelewa zaidi ya mwaka, na doa litabaki. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea uondoke nayo. Maneno ya mdomo na afisa mwema hayatakusaidia afisa huyo akihamishwa.

Ikithibitika 11,400 ni halali, kwa mfano faini ya kuchelewa ambayo mkataba wako unaitaja, ilipe siku hiyohiyo na uchukue barua ya kumaliza deni. Halafu uandike kuomba waeleze kwenye barua kwamba salio lilitokana na faini ambayo hukuarifiwa, kama kweli hukuarifiwa. Barua hiyo haifuti historia, lakini afisa mikopo wa benki anaweza kuiambatisha anapopeleka ombi lako kwa wakubwa wake.

Na ukiambiwa "deni hilo tulishalifuta", usishangilie. Mkopeshaji akilifuta deni kwenye vitabu vyake huwa amekiri kwamba limemshinda kudai; haina maana amekusamehe. Kwenye ripoti husomeka vibaya kuliko deni lililo wazi.

Sambamba na hayo, omba ripoti yako mwenyewe. Usitegemee alichokisoma afisa kwa haraka. Mwombe akutajie ripoti ilitoka taasisi ipi na ya tarehe ngapi, kisha uombe nakala kwenye taasisi hiyohiyo kwa kufuata maelekezo ya tovuti yake, ukithibitisha utambulisho wako. Uliza kwanza nakala ya bure kabla ya kulipia. Orodha ya taasisi zenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu; aliye nje ya orodha hiyo usimtumie kitambulisho.

Ripoti ikifika, usikimbilie alama ya mwisho. Anza na utambulisho: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, simu. Kilimanjaro majina ya ukoo hujirudia sana, na tarakimu moja ikikosewa deni la mtu mwingine hutua kwako. Kisha tazama kila mkopo: kiasi ulichopewa, salio, kiasi kilichochelewa, siku za kuchelewa, na tarehe taarifa ilipopelekwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo wengi huiruka. Taarifa ikiwa ya miezi minane nyuma, huenda kosa ni kwamba mkopeshaji aliacha kupeleka mapya. Kuna pia kalenda ya malipo, mwezi kwa mwezi, na orodha ya waliowahi kuvuta ripoti yako. Ukikuta mkopeshaji ambaye hujawahi kumwomba mkopo, hiyo ni dalili kwamba mtu anatumia utambulisho wako.

Kuhusu mkopo wa simu, tutakuambia ukweli hata kama hautakupendeza. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya NIDA, kwa hiyo mkopaji anayetambulika ni wewe. Ukiupinga kama kosa la mfumo, utapoteza wiki kadhaa kisha ujibiwe kwamba taarifa ni sahihi. Mwite mdogo wako, muweke laini ile kwenye simu, mlipe deni lote kupitia menyu ya huduma hiyohiyo mpaka salio lisomeke sifuri, na mhifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala. Usimtumie wakala fedha "akulipie". Kisha nendeni wote wawili dukani kwa mtandao husika, yeye ahamishiwe laini kwa namba yake ya NIDA. Akiwa bado hana, laini ifungwe. Usimsajilie mtu laini tena, hata mtoto wako.

Usiku huohuo piga *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta namba isiyo yako wala ya mtu unayemjua, ripoti kwa mtandao husika iondolewe. Kama namba hiyo ilitumika kukopa, nenda polisi uchukue RB kwanza, yaani namba ya taarifa uliyoiripoti. Hapo unapinga kwa hoja ya kughushiwa, na RB ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa.

Udhamini wa mwenzako una swali moja linaloamua yote: kwenye mkataba ule ulitia sahihi kama mdhamini au kama mkopaji mwenza? Mikopo ya vikundi mara nyingi humfanya kila mmoja adaiwe la mwenzake, na watu husaini wakidhani wanasindikiza tu. Ukiwa mkopaji mwenza, ucheleweshaji wake ni wako moja kwa moja. Ukiwa mdhamini, unapaswa kusomeka kama mdhamini, na benki huuchukulia kama mzigo unaoweza kukuangukia. Ukikuta umeandikwa mkopaji wakati mkataba unasema mdhamini, hilo ni kosa la kusahihishwa kwa barua kama ile ya mwanzo.

Mwenzako amechelewa miezi miwili, yaani siku 60 hivi. Bado kuna nafasi kabla ya siku 90. Kaeni naye na mkopeshaji wiki hii waangalie kupanga upya marejesho, tena kwa maandishi. Ukilazimika kulipa kwa niaba yake, lipa kwenye akaunti ya mkopo wake, si mkononi mwake, na udai barua inayosema umelipa kama mdhamini. Sheria ya Mikataba humpa mdhamini aliyelipa haki ya kumdai yule aliyemdhamini, lakini bila karatasi haki hiyo ni ngumu kuisimamisha.

Mkopeshaji akikaa kimya au akikataa kosa lililo wazi, hatua ya pili ni kupeleka pingamizi kwa taasisi ya taarifa za mikopo iliyotoa ripoti, ukiambatisha nakala ya barua yenye muhuri. Nayo itamrudia mkopeshaji kumtaka athibitishe, ndiyo maana tulikutaka uanze kwake: aliyepeleka taarifa ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha. Hatua ya tatu ni Benki Kuu. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma, kisha yaende Benki Kuu usiporidhika. Huna haja ya kwenda Dar es Salaam au Dodoma, Benki Kuu ina tawi Arusha mjini, kilomita 80 tu kutoka Moshi. Ukifika mikono mitupu bila majibu ya mkopeshaji au uthibitisho kwamba ulimwandikia, utarudishwa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kusahihishiwa taarifa zako zisizo sahihi. Itaje kwenye barua yako, ni haki yako.

Kikoba chako kwa kawaida hakionekani kwenye ripoti. Si dharau: vikundi vingi havipeleki taarifa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na inavitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Kama chenu kimesajiliwa, mwombe mwenyekiti na mtunza hazina waandike barua yenye namba ya usajili ikitaja hisa zako, mikopo uliyochukua na tarehe ulizomaliza, uiambatanishe na nakala za kitabu chako cha wanachama. Benki haifungwi na barua hiyo, ila afisa anayekutetea anahitaji cha kushika mkononi. Kama hakijasajiliwa, lianzisheni hilo kwenye kikao kijacho.

Kihamba kiacheni. Ardhi ya ukoo isiyo na hati benki haitaikubali kwa mkopo huu, na wakopeshaji wanaoikubali kwa karatasi ya kuandikishana ni walewale wa kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya. Miaka mingi ya amani ya ukoo haifai kuwekwa rehani kwa magunia ya maharage.

Na kuna jambo la nne ambalo afisa hakukutajia, lakini lingekukwamisha hata jina likiwa safi. Chukua mfano wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopungua kadiri salio linavyopungua. Milioni 6 kwa miezi 12 zina rejesho la kama 550,000 kila mwezi. Ongeza 120,000 za kikoba, inakuwa 670,000, na faida yako ni 700,000. Utabaki na 30,000 za ada ya shule, chakula na gunia lililooza. Ukiomba milioni 4 kwa miezi 12, rejesho ni kama 367,000. Ukiomba milioni 6 kwa miezi 18, ni kama 383,000. Tena biashara yako ni ya msimu: fedha hutoka wakati wa mavuno na kurudi miezi kadhaa baadaye. Uliza waziwazi kama wana mkopo ambao miezi ya kwanza unalipa riba tu, kisha deni lenyewe unapoanza kuuza. Uliza pia kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua au kwa kiasi chote cha mwanzo, maana asilimia ileile kwa hesabu ya pili ni ghali karibu mara mbili.

Usikimbilie benki nyingine sasa hivi. Kila ombi huacha alama kwenye ripoti, na maombi matano ndani ya mwezi mmoja husomeka kama mtu anayezama. Wakopeshaji hupeleka taarifa zao kwa vipindi, mara nyingi kila mwezi, kwa hiyo malipo ya leo hayatasomeka kesho asubuhi. Lipa mkopo wa simu wiki hii, peleka barua ya 11,400 wiki hii, kisha baada ya wiki tano au sita vuta ripoti mpya. Ukiona mkopo wa milioni 2 umefungwa kwa tarehe sahihi na wa simu una salio sifuri, rudi kwa afisa yuleyule aliyekupokea vizuri, ukiwa na ripoti hiyo, barua ya kumaliza deni na barua ya kikoba kwenye bahasha moja. Kama maharage ya msimu huu yatakuwa yameshapanda, omba kiasi kidogo cha kununulia mahindi na ukilipe kwa wakati, ili mavuno yajayo ukiomba zile milioni 6 wakukute na marejesho kadhaa yasiyochelewa hata siku moja.